Chama ya Mathe ya Kila Alhamisi

Wacera, uko? Usicheke.

Si nimetoka Endarasha mpaka Giakanja, ati mtu anijuaye asinione kwa hiyo kikundi ya kuacha pombe? Akili mingi, mimi.

Naingia, kitu ya kwanza naona kwa meza ni thermos yetu ya bluu. Thermos YETU!

Na nani anamimina chai? Mathe! Ile chama yake ya kila Alhamisi, miaka mbili, kumbe ni hii! Mathe, mama yangu mwenyewe, mwenye hunihubiria juu ya pombe kila asubuhi!

Nikaganda hapo kwa mlango. Yeye hata hakushtuka. "Umechelewa, Lynn. Hiyo kiti nimekuwekea tangu Januari."

TANGU JANUARI.

Nimekaa. Sasa nitakuwa nadanganya nani?