Fomu Iliyokufanya Shangazi

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, ila nikianza bila salamu utanuna huko huko uliko na kuuliza mtoto huyu kalelewa na nani. Na hilo la kulelewa na nani ndilo lililonikalisha leo niandike.

Nina kosa, Mama. Siku uliyozikwa nilikukana.

Mjomba Athumani alinipigia asubuhi ile ya Ijumaa. Umefariki alfajiri, utazikwa Mzenga baada ya alasiri. Kuwahi nisingewahi hata ningepaa. Nilitaka kitu kimoja tu: mjomba aelekeze simu kaburini, nami nikae chini huku ugenini nikuzike kwa macho. Lakini saa hiyo hiyo nilikuwa na mtihani.

Unakumbuka nilivyokueleza mitihani ya huku. Mtu anafanyia chumbani kwake, kwenye kompyuta, simu ameiacha nje, na kamera inamtazama usoni mwanzo mpaka mwisho. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema kumbe tunasimamiwa na dude lisilo hata na haya.

Hapa kila kitu ni mtandaoni, Mama. Mlango wa darasa unafunguliwa kwa simu, mahudhurio kwa simu, hata kuumwa unaumwa kwa kujaza fomu. Wenzangu wamezaliwa na mambo haya. Mimi kompyuta ya kwanza niliishika sekondari kule Kibaha, wasichana wanne kwa moja. Muhula wa kwanza niliogopa kubonyeza, nisije nikajifuta chuo kwa kidole changu mwenyewe. Nawe ulikuwa unajifunza simu ya tachi ya jirani. Kila tukipigiana vidio naona nusu ya paji lako na bati la nyumba. Nikalalamika kwamba naongea na bati. Ukajibu, lisalimie, nalo limekulea.

Basi Ijumaa ile nikafungua ukurasa wa kuomba kuahirishiwa mtihani. Jina la marehemu, nikaandika. Uhusiano na marehemu, ikashuka orodha ya kuchagua. Nikabonyeza mama. Nani angefikiri mara mbili? Ulinichukua nina miaka miwili, mdogo wako aliyenizaa alipoolewa Janga, na tangu hapo Mzenga nzima ikiniambia "mama yako anakuita" ni wewe. Yeye tukamwita Mama Janga, tukaishi.

Chai yangu haijapoa, jibu likaja. Jina la mama nililojaza nilipojiandikisha ni jingine, la cheti cha kuzaliwa, na mwenye jina hilo yu hai. Nirekebishe, la sivyo nitahesabiwa nimetoa taarifa za uongo. Nikapiga simu ofisini. Akapokea dada mmoja mpole, akanieleza kwamba dada wa mama wanamweka kwenye shangazi. Nikamwambia shangazi ni dada wa baba, huyu ni mama mkubwa, ndiye mama. Akasema pole sana, orodha haina.

Nikampigia Mama Janga. Alikuwa tayari msibani, ndani, pamoja na wanawake waliokuwa wakikuandaa. Nilimweleza huku nalia. Nikasikia maji yanamiminwa.

"Waandikie mimi ndiye niliyekufa," akasema. "Mama yako ni huyu tunayemwosha."

Mama Janga huyo huyo, ambaye mtu akitaja kifo mbele yake anatoka nje! Sikuweza. Nilikuwa nimebakiwa na mama mmoja, nitamuua vipi kwa kidole? Nikabonyeza shangazi. Wakanijibu hapo hapo kwamba kwa shangazi hawaahirishi mtihani.

Kwa hiyo saa unashushwa, mimi nilikuwa nimekaa wima mbele ya kamera, simu iko nje ya mlango. Niliitazama saa. Ilipotimia niliacha swali katikati, nikafumba macho, nikainua mikono nikakusomea Fatiha. Halafu nikakwambia, Mama, nisamehe. Nikarudi kwenye swali. Hayo tu ndiyo maziko niliyokufanyia, na yananiuma mpaka leo.

Wiki iliyofuata wakaniita kujieleza, mtandaoni vilevile, nyuso tatu kwenye kioo. Kamera ilikuwa imenasa midomo yangu ikicheza. Walidhani kuna mtu chumbani ananipa majibu. Wakaniuliza nilikuwa naongea na nani. Ningeweza kusema nilikuwa najisomea swali kwa sauti, wengi huponea hapo. Ila nilishakukana mara moja, Mama.

"Nilikuwa namzika mama yangu," nikasema.

Mzee mmoja akapekua, akasema kumbukumbu zinaonyesha mama yangu yu hai. Nikamjibu huyo naye ni mama yangu, ninao wawili, na aliyenilea ndiye aliyekufa. Kisha nikalia mbele yao, na kamera ikitazama, na sikujali.

Hawakunifukuza. Wameufuta mtihani, nitaurudia. Wameniletea karatasi nieleze sababu na kutia sahihi kwa mkono. Nayo inauliza uhusiano na marehemu, ila haina orodha, ina mstari mtupu tu. Nimeandika mama. Nimeikandamiza kalamu mpaka herufi zikatokea upande wa pili.

Likizo nakuja. Nitashuka Mlandizi, na ingawa Janga ni hapo karibu sitakatiza huko kwanza. Mama Janga mwenyewe kasema nianze kwako. Nakuahidi, nitapiga magoti hapo ulipo nikuombe radhi kwa sauti, midomo icheze inavyotaka, na hakuna atakayeniuliza naongea na nani.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Mwanaidi