Kituo cha Kamera Kinataka Jibu Langu

Jumanne, Mikumi. Mvua imekatika tangu asubuhi, jua linawaka kwa hasira, na mimi sina hamu na chochote.

Nimetoka zamu lojini, sijavua hata sare. Nimekaa kitandani nasoma tena ujumbe wa kituo cha huduma, kule Dar, cha kampuni iliyotengeneza kamera yangu. Mwisho wa kujibu ni leo jioni.

Wanauliza: tubadilishe bodi, ndiyo au hapana?

Wakibadilisha bodi, ile sakiti ya ndani, kamera inapona. Lakini picha zilizohifadhiwa ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kadi, zinaondoka na bodi ya zamani, na bodi ya zamani mteja harudishiwi. Nikikataa, wananirudishia kamera ikiwa imekufa vilevile, picha zikiwa humo humo na hakuna wa kuzitoa.

Na picha zenyewe ni za mama.

Kamera hii nilipewa zawadi na mgeni mmoja wa loji. Pasaka ya mwisho ya mama nilikwenda nayo nyumbani Kilosa. Kadi nilikuwa nimemwazima mwenzangu wa kazini, kwa hiyo picha zikaingia kwenye kumbukumbu ya ndani. Mama amekaa kwenye kigoda uani, anachambua mchicha, ananiambia niache upuuzi, halafu anacheka. Nikaiacha kamera kabatini kwake, nikarudi kazini. Kabla mwaka haujaisha akatutoka.

Mtu atasema picha za mama si ziko tele kwenye simu za ndugu. Hazipo. Mama alikuwa mpishi wa shughuli zote za mtaa, harusi, misiba, kipaimara. Kwenye picha za watu yeye ni mgongo ulioinamia sufuria, au mkono na mwiko. Albamu ya nyumbani na kadi yake ya kura viliharibika masika haya, mto Mkondoa ulipofurika na maji yakaingia ndani mpaka usawa wa kitanda. Kurasa zilishikana. Tulipozibandua, sura zote zilikuwa zimebaki rangi tu.

Kamera nayo ilikunywa maji. Baba akaifukia kwenye gunia la mchele, alivyosikia watu wanafanya kwa simu. Ripoti ya kituo inasema ndani wamekuta "matope, kutu, na kitu kigeni: punje ya mchele." Nilicheka peke yangu, kisha nikalia.

Nimewapigia. Dada wa mapokezi ana sauti nzuri, ana adabu, na hawezi kunisaidia kitu. Nikamwomba anirudishie hata hiyo bodi mbovu nibaki nayo. "Utaratibu hauruhusu, dada." Nikaomba basi wajaribu kutoa picha kwanza. "Hiyo huduma hatuna, dada." Ningepata wa kugombana naye ningegombana, lakini yule dada hana kosa, na zaidi yake sijui nimpigie nani.

Kinachoniumiza zaidi ni baba. Wiki iliyopita alikiri kwangu, kwa sauti ya chini, kwamba sura ya mama imeanza kumpotea. Sauti anaikumbuka, mwendo anaukumbuka, sura haiji. Na aliishi naye tangu ujana wao. Tangu hapo kila akipiga simu anauliza kama picha zimepatikana.

Mchana huu nimempigia mimi. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote. Nilidhani atasema itengenezwe tu, kamera nzima ina faida. Akaniuliza:

"Wakiitengeneza, mama yako wanamtupa?"

"Ndiyo, baba."

"Wasipoitengeneza, yumo?"

"Yumo. Lakini hatutaweza kumwona."

"Hata sasa simwoni," akasema. "Waambie wasiiguse. Waniletee hivyo hivyo."

Nimeandika hapana. Nimetuma.

Kamera itakuja na basi, nitaipokea stendi hapa Mikumi, na Jumapili nitaipeleka Kilosa. Baba anasema ameshapigilia msumari ukutani, juu ya kiti chake. Aliupigilia kwa ajili ya fremu. Sasa anasema kamera ina kamba, itaning'inia vizuri tu.

Sikuwa na nguvu ya kumbishia.

Dada wa mapokezi naye amejibu sasa hivi. Wamepokea uamuzi wangu na wanauheshimu, ila nifahamu kwamba kutu haisimami, itaendelea kula ndani, na baada ya muda hata hicho kilichohifadhiwa kitakuwa kimeisha. Nimeusoma ujumbe mara mbili, nikaufuta, baba asije akauona akishika simu yangu.

Atakaa chini ya kamera ile kila jioni, namjua. Na siku moja ataniuliza kama mama bado yumo. Nitamjibu nini?