Sikumbemenda Mtoto

Mtaa wa Sokoni,
Mbeya.
9 Julai 1957

Mpendwa Shemeji Muharami,

Hapana, shemeji, sikumbemenda mtoto. Lakini ngoja kwanza nikusalimu, maana hata mshtakiwa husalimia kabla ya kufungwa. Salaam aleikum. Hujambo? Mama mkwe hajambo na miguu yake? Na Waridi, anakula? Huku baridi imetuchapa kweli. Mimi mzima, nikitoa usingizi, ambao ulihamia Iringa pamoja na mke wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipocheka. Sikupaona. Unauliza nilitoka nje na mwanamke gani wakati Waridi ananyonyesha, hata mtoto akaharibika, anaharisha na kukonda. Ukimpata huyo mwanamke nijulishe, maana mimi simjui. Kosa langu ni jingine, na ni baya zaidi.

Unavikumbuka vile vidonge vyangu vya rangi mbili, ninavyonunua kwa madereva wa malori wanaotoka Rodeshia? Nilikuwa navinadi sokoni: kikohozi, mgongo, hata kuku asiyetaga. Watu wanacheka, wananunua. Waridi mimba yake ikiwa ya miezi saba alishikwa na homa, nikampa. Siku ya tatu homa ikaisha. Mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikasema, dawa nzuri hivi, na mtoto naye apate nguvu. Nikamlisha asubuhi na jioni mpaka siku ya uchungu.

Waridi akaanza kuharisha kabla hajajifungua. Akaniambia, "Bushiri, vidonge vyako vinanifagia tumbo." Nikamjibu, "Basi mtoto atakuta nyumba safi." Akacheka, maskini. Nilimchekesha mpaka akameza.

Wiki mbili zilizopita nilimweleza Lutengano, yule dresa anayefunga vidonda dispensari. Yeye hakucheka. Akasema tumboni mwa mtu wamo wadudu wadogo wasioonekana, wenyeji wasio na ubaya, wanaolinda mji. Dawa ile haichagui, inaua mwenyeji na mwizi pamoja. Na mtoto akizaliwa, wadudu wake wa kwanza anawapokea kwa mama. "Sasa Waridi alikuwa na nini cha kumpa?" akaniuliza. "Wewe bwana ulichoma ghala kwa ajili ya panya mmoja." Hawezi kuapa, anasema, lakini hata ule utando mweupe mdomoni mwa mtoto, unaomliza akishika ziwa, ni ukungu tu, umekuta shamba halina mwenyewe.

Kwa hiyo, shemeji, ule mzizi wa kubemenda mnaomnywesha hapo kwenu hautibu kitu. Unazidi kumharisha, na mwili wenyewe umebaki mifupa. Lutengano anasema apelekwe hospitali msingoje, apakwe ile dawa ya rangi ya zambarau mdomoni, asiachishwe ziwa. Waridi ale maziwa mgando kila siku.

Nimekaa nikapima. Niitwe mzinzi, jambo ambalo mwanamume husamehewa kwa mbuzi mmoja, au niitwe mtu aliyemharibu mtoto wake huku anamchekesha mama yake? Wallahi nilitamani lile la mbuzi. Wiki mbili nilinyamaza nikilitamani, na wiki hizo mbili mtoto kanywa mzizi.

Nisalimie jirani yenu Mwanakhamisi na wanawe, na mzee Isihaka, mwambie kofia yake bado ninayo. Mungu awafunike kwa rehema, na amfungulie mtoto koo lake.

Sasa tufanye biashara, shemeji, ya mwisho mimi na vidonge. Wewe mwaga mzizi leo hii, umwambie mama mkwe kweli yote, usinipunguzie. Mimi kopo la vidonge lililobaki nalitia kwenye basi la Ijumaa, limefungwa kwa nta, ulimwage chooni mbele ya macho yake. Sitakuja mlangoni kwenu kudai mke. Ila siku mtoto atakaponyonya bila kulia, nipigie simu ya maandishi pale posta, neno moja tu: Ananyonya. Umekubali?

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata ukinichukia,

Bushiri