Mlango wa Bi Penner

Harwick, 6 Oktoba 1997

Kwako Bibi Philomène,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na maji ya bomba hapo Ziwa la Fisi-maji yameshafaa kunywa, au bado unachemsha masufuria? Mimi ni mzima kama chuma. Huku maji yanatoka bombani yanaingia tumboni, na mbwa wa hawa watu anakunywa hayo hayo.

Habari kubwa ni mimi. Kwenye timu nzima ya magongo ya barafuni Mkrii, mwana wa wenyeji wa asili wa nchi hii, ni mimi peke yangu, wengine wote wazungu, na wote wananiona mgongo. Kocha anasema hajawahi kuona kijana anayeteleza hivi. Nikamwambia hata mimi sijawahi. Nikiendelea hivi, mwezi wa Machi watu wa timu kubwa ya Winnipeg watakuja kunitazama.

Bwana Thiessen na mkewe, wanaonifuga kwao, ni watu wazuri. Ni viazi kila siku. Na wanagonga milango, Bibi. Hata mtoto wao anagonga chumbani kwa mamake, kama mpangaji.

Mjukuu wako, bingwa,
Elwin


Ziwa la Fisi-maji, 20 Oktoba 1997

Elwin mjukuu wangu,

Marahaba. Magoti yapo, yanalalamika kwenye ngazi tu. Maji bado tunachemsha. Walikuja wataalamu, wakalipiga bomba picha, wakaondoka.

Nimefurahi umepata wa kukusifu, maana hapa ulikuwa ukijisifu mwenyewe mpaka unachoka. Usijisahau. Wazee wa huko nao ni wazee. Ukiona kimya kwa mtu anayeishi peke yake, ingia umtazame, umwekee birika motoni, kama tunavyofanya.

Bibi yako


Harwick, 17 Novemba 1997

Bibi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo, ila nimepanda gari la polisi, kiti cha nyuma, kama waziri.

Kisa ni Bi Penner, mjane, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Ngazi zake zilijaa theluji siku mbili nzima, hakuna alama ya mguu. Nikapika mkate wetu wa kikaangoni, nikaingia, nikaita, kimya. Nikaweka birika motoni. Kumbe yuko bafuni. Akatoka na taulo kichwani, akaniona, akajifungia chumbani na simu.

Polisi akaniuliza, "Umechukua nini?"

"Nimeleta mkate."

"Nani anavunja nyumba na mkate?"

"Mlango haukufungwa kwa ufunguo, afande. Nimevunja nini?"

Akaniambia nifunge bakuli langu.

Sasa sichezi mpaka kamati ya timu ikae. Wakinitoa, hiyo Machi nitaisikia redioni. Mwenyekiti ni babake Kyle Froese, mwenzangu kwenye timu. Na huyo Kyle mwezi uliopita alirudi amelewa, akakosea nyumba, akalala kwenye kochi la huyo huyo Bi Penner hadi asubuhi. Mama wa watu akamfunika blanketi, akamkaangia mayai. Mji mzima unacheka mpaka leo. Hata mimi nilicheka.

Mjukuu wako, jambazi wa mikate,
Elwin


Ziwa la Fisi-maji, 28 Novemba 1997

Elwin,

Hujambo? Unakula? Unalala?

Nilikwambia uingie, na ningekwambia tena. Ila mtu akishtuliwa nyumbani kwake huombwa radhi. Nenda na mke wa Thiessen, ukaombe. Je, mkate aliula?

Mambo ya magongo sikuamulii. Kitanda chako kipo. Binamu yako amekivamia, lakini miguu bado ninayo ya kumtoa.

Bibi yako


Harwick, 15 Desemba 1997

Bibi,

Shikamoo. Nakula, nalala. Poleni na baridi.

Nilienda, nikagonga. Bi Penner alikuwa mpole. Akasema, "Sina neno na wewe, kijana. Ni vile sikujui."

Nikamwambia, "Mama, mimi nalala hapo ukutani kwako. Ukikohoa nakusikia."

"Kyle ninamjua tangu yuko tumboni," akasema. Sikuwa nimemtaja Kyle. Mkate aliutupa. Polisi ndiye aliyemshauri.

Kamati imeamua nicheze, ila jua likishazama nisionekane nje bila mtu mzima wa kunisindikiza. Nimekubali, maana Machi si mbali. Huku sasa jua linazama saa kumi na nusu, basi naingia ndani na kuku.

Jumamosi usiku tulishinda. Mabao yote matatu niliyafunga mimi. Watu walisimama wakaliimba jina langu, babake Kyle akiwaongoza. Baadaye wakatawanyika. Nikakaa kwenye benchi la mlangoni pa uwanja kumsubiri Bwana Thiessen amalize kahawa yake na kamati. Nyumba yao ninamolala inaonekana kutoka pale.

Kyle akapita na begi lake. "Mbona umekaa?"

"Nasubiri jua lichomoze."

Akacheka sana, akanipiga begani, akaenda zake kwa miguu.

Mjukuu wako,
Elwin