Mama amechemsha maji ya vitamini

Jumanne, jioni

Maji ya vitamini yameisha tena dukani. Hata wachimbaji waliotoka migodi ya Pangi wanaacha bia, wanataka "maji ya kuongeza nguvu". Kama ndani iko kweli nguvu, mimi sijui. Nauza tu, na hilo linanisumbua.

Chupa ya mwisho nilimpelekea mama. Kugeuka, ameimimina kwenye sufuria, anachemsha.

"Mama, hayo ni safi. Ni ya dukani."

"Wakati ya vita nilichemsha maji ya mto. Njo maana uko hapa."

Yalipopoa alionja yeye kwanza, akangoja kidogo, ndipo akanipa kikombe. Mimi, mwenye watoto wanne.

Wakati wa vita alionja hivyo kwanza kila siku. Sisi watoto tulidhani ana kiu kutuzidi.