Leo Kompyuta Imeitamka Mgwashi

Lushoto, Jumatano, katikati ya baridi ya Julai.

Ukungu haujaondoka tangu alfajiri. Mama anasema haoni hata miparachichi ya jirani. Mimi naujua kwa vidole vinavyokataa kukunjuka, na kwa malori yanayoteremka kwenda Mombo, ambayo leo yanasikika kama yamefunikwa blanketi. Lakini moyo wangu una joto. Mchana nimemaliza sahani ya ugali na kisamvu, nikaomba nyongeza. Mama amecheka, maana kwa wiki kadhaa nilikuwa nadonoa tu.

Sijafukuzwa kazi.

Kwa wasionijua: naitwa Zaina. Surua ilichukua macho yangu nikiwa mdogo. Nilisoma, kisha nikafunzwa kazi ya kupokea simu, nikaajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha chai upande wa Usambara Mashariki. Niliipenda kazi ile. Nilimjua kila mtu kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema halo. Ubinafsishaji ulipokuja, mwenye mali mpya aliweka simu za moja kwa moja mezani kwa kila mkubwa, na swichibodi ikang'olewa. Nikarudi huku juu kwa mama, nikakaa miaka nikisikiliza redio na kupukuchua mahindi.

Aliyenitoa pale ni Mzee Athumani, mwenyekiti wa ushirika wetu wa wakulima wa mboga. Ushirika ulikuwa umepata kompyuta, na wanunuzi wa Dar es Salaam walikuwa wameanza kuagiza mboga kwa barua pepe. Alikuja nyumbani akamwambia mama, "Huyu binti anajua kupiga taipu bila kuangalia. Sisi tunaangalia na hatujui." Basi nikapewa kiti, kwa majaribio.

Programu za kununua zinazomsomea kipofu maandishi ya kwenye skrini hatukuziweza. Lakini kuna moja ya bure, programu huria, iliyotengenezwa na vipofu wenyewe, mmoja huku na mwingine kule duniani. Mara nyingine najichekea: soko huria liliniondoa kazini, programu huria ikanirudisha.

Tatizo lilikuwa moja. Ilisoma Kiswahili kwa mdomo wa Mzungu aliyeshuka kwenye basi leo asubuhi. "Mtu" ikawa "em-tu". "Ng'ombe" ilikatwa vipande viwili na kutajiwa alama katikati. Mgwashi, jina la kijiji cha wakulima wetu, sikuitambua kabisa mara ya kwanza, nikadhani ni jina la dawa ya kuulia wadudu.

Niliandika kulalamika kwenye kundi la barua pepe la watumiaji. Nilitaka kujua ni lini watatutengenezea Kiswahili. Akanijibu mwanamke wa Brazili, Ana, kipofu tangu kuzaliwa. Kiingereza chake ni cha kuungaunga kama changu. Alisema, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba hakuna "wao". Waliomo humo wote ni watumiaji kama mimi, na katika wote hao hakuna anayejua Kiswahili.

Nilikasirika. Kisha nikaona aibu. Maisha yangu yote vitu vililetwa hadi mkononi mwangu: fimbo, chakula, kazi yenyewe. Sikumbuki mtu aliyewahi kuniambia kwamba kitu fulani kinanisubiri mimi.

Ana akanifundisha. Kanuni za matamshi ni faili la maandishi ya kawaida tu. Unaandika herufi, unaandika sauti yake, unaijaribu, unasikiliza. Nyumbani, kwenye kompyuta kuukuu niliyoazima, nilianza na "m" inayosimama peke yake mbele ya konsonanti. Siku kompyuta iliposema "mtu" kama anavyosema mtu, nilimwita mama kutoka shambani aje asikie. Alikuja mbio akidhani nimeungua.

Baadaye akajiunga Khamisi, mwalimu kipofu wa Pemba, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Khamisi hakubali "dhahabu" iguswe na mtu wa bara. Kwenye "lazima" tulivutana wiki nzima kuhusu silabi ipi ibebe mkazo. Lakini ndiye aliyetegua fundo la ile "ng'", na nilipomshukuru akaniandikia, "Bi Zaina, shukuru Mungu, kisha nenda karekebishe 'gh' yako, inanikereketa koo."

Kazi ilikuwa ikienda vizuri, ila toleo jipya lilikuwa bado halijatoka. Sikutaka kuweka kanuni za majaribio kwenye kompyuta ya ushirika, kwa hiyo kazini niliendelea kusikiliza ule mdomo wa Mzungu.

Ndipo ikaja barua ya karoti.

Mnunuzi aliandika "msilete karoti wiki hii". Katika ule mtafuno, silabi ya katikati ilimezwa. Nilisikia "mlete". Nilirudia mara mbili na mara zote nikasikia hivyohivyo. Lori likapakiwa, likashuka, likafika, likakataliwa. Karoti nyingi zilikuwa za Mama Ester wa Mgwashi, mjumbe wa kamati. Zile ambazo hazikuoza ziliuzwa kwa bei ya kutupa lori likirudi, pale Mombo, kando ya barabara.

Mama Ester hakunitukana. Ingekuwa nafuu. Alisema tu kwenye kikao, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Zaina ni mtoto wetu. Lakini karoti zangu si za kufanyia majaribio." Alikuwa na haki. Kamati ikaamua nisikilizwe mara moja tena kwenye kikao kijacho, kisha waamue kama watamtafuta mtu mwenye macho.

Kikao kijacho ndicho cha leo.

Niliwaandikia Ana na Khamisi yaliyonipata. Sikuwaomba kitu. Nadhani nilitaka tu kusemea mahali. Lakini Ana alikwenda kwa wenzake wanaokusanya toleo jipya, akawaeleza habari ya karoti, nao wakaliharakisha. Khamisi alipitia orodha yote ya maneno na kunisahihisha bila hata utani mmoja, nikajua ameingiwa na huruma. Juzi toleo likatoka. Jana nikaliweka kwenye kompyuta ya ushirika. Halafu sikuthubutu kulijaribu vya kutosha, niliogopa kusikia.

Asubuhi nimewakuta wazee wameshaketi. "Onga mshi," nikawasalimu kwa Kishambaa, nikaitikiwa kwa sauti ndogo. Nikawapa shikamoo zao. Mama Ester aliitika "marahaba" fupi. Mzee Athumani akasema kuna barua imeingia na hakuna aliyeisoma bado. "Weka spika ya nje, mwanangu. Tusikie wote."

Nikabonyeza pasipo. Nikarudi. Nikabonyeza tena.

"Poleni na kazi, wakulima wa Mgwashi," ikasema kompyuta.

"Asante," akaitika Mama Ester.

Halafu Mzee Athumani akaangua kicheko, na chumba kizima kikamfuata, wakamtania Mama Ester kwa Kishambaa kwamba ameamkiana na bati. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza yaliyobaki. Msilete kabichi. Leteni hoho na njegere. Kila silabi ilisimama mahali pake.

"Irudie," akasema Mama Ester.

Nikairudia. Aliniuliza, "Kabichi wamesemaje?"

"Wamesema msilete, mama."

"Hata mimi nimesikia hivyo." Akavuta kiti. "Ile ya zamani ilikuwa inatafuna. Hii inaongea. Mwenyekiti, tuendelee na mambo mengine."

Hivyo tu. Hakuna aliyepiga kura. Wakahamia kwenye suala la mbolea, na mimi nikabaki na mikono mapajani, machozi yakinitoka taratibu, nikishukuru kwamba wote walikuwa wanabishana.

Karoti za Mama Ester hazitarudi, najua. Alipotoka alinishika bega akaniacha. Sijui kama huo ni msamaha. Sitaulazimisha.

Jioni hii nimewaandikia Ana na Khamisi, kisha nikamsomea mama barua hiyo kwa spika. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa huyu anayesema humo ndani ni nani?"

Nilitaka kumweleza habari ya mafaili na kanuni. Nikasikia nasema, "Ni sisi, mama. Mimi na wenzangu."

Akasema, "Basi mnasema vizuri," akaenda kutazama moto.

Nimechoka uchovu mtamu. Kesho ofisi inafunguliwa kama kawaida, ila nimeomba ruhusa ya asubuhi, na Mzee Athumani amenipa. Nitalala mpaka jua lipande, kama litapanda. Mama ameshaambiwa asigonge mlango.