Miguu ya Mtoto wa Tusekile

Alhamisi, saa nane mchana. Mvua imepumzika, upepo bado. Ziwa limechafuka tangu asubuhi na moyo wangu hautulii.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za zahanati yetu hapa ufukweni, nasubiri mtumbwi. Naandika ili nisilie mbele ya wagonjwa.

Jumatatu nilimruhusu Tusekile arudi kwa mtumbwi kwao Ikombe na mtoto wa siku mbili, njiti, kilo moja na nusu. Ningefanyaje? Mafuriko yalikuwa yameingia chumba cha wazazi, na barabara ya kwenda hospitali mjini ilikuwa imekatika. Kwao maji hayakufika. Nilimwonyesha namna ya kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Na kwa kuwa kwa desturi ya hapa, mzazi akiwa bado ndani baada ya kujifungua, bibi wa mtoto ndiye msemaji, nilimfundisha mama yake Tusekile jambo moja: kila asubuhi na jioni aguse nyayo za mtoto. Zikiwa za baridi, anipigie.

Hakupiga. Nilipiga mimi, kila siku. Kila siku bibi alinijibu kwa furaha kwamba miguu ina joto lake, mtoto amelazwa kitandani ili mzazi apumzike, analala tu, hasumbui, hata kunyonya hadai sana. Ndaga fijo, sista, asante sana. Nami nikaandika kwenye daftari: joto la kawaida.

Analala tu, hasumbui. Mkunga mzima nikasikia dalili hiyo ya hatari, nikashukuru.

Leo saa sita, mama mmoja wa Ikombe aliyekwama hapa kwa sababu ya mawimbi aliipua sufuria ya uji unaochemka kwa mikono mitupu. Nikamkemea. Akacheka, akasema anachoma vyungu tangu usichana wake.

"Hii mikono haisikii tena, sista. Si moto, si baridi."

Mama yake Tusekile naye ni mfinyanzi. Vyungu vyake viwili viko jikoni kwangu.

Nilikimbilia simu.

Simu ilipokubali nilimwomba bibi ampe Tusekile. Alisita, kwa sababu si desturi, kisha akampa. Nikamwambia aweke nyayo za mtoto shavuni mwake.

"Sista," akasema, "zimepoa. Zimepoa sana."

Nikaanza kumwambia amvue nguo, amweke kifuani sasa hivi, amfunike vizuri, amkamulie maziwa kwenye kikombe. Sijui alisikia mpaka wapi. Mtandao ulikatika na haujarudi.

Nina hasira, na sitaki kumtupia bibi. Alifanya nilichomfundisha. Mimi ndiye niliyefundisha kama tulivyofundishwa darasani, bila kuitazama mikono niliyokuwa naikabidhi kazi.

Mwenye mtumbwi alikataa mara mbili. Sasa hivi amerudi, ametazama maji, amesema tujaribu kwa kufuata ukingo. Kofia ya uzi, blanketi na kipimajoto nimeshavifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kabla ya kusukuma mtumbwi huwa anaomba, na ameniuliza mtoto anaitwa nani ili amtaje.

Nimemwambia hana jina. Bibi yake alisema wasubiri kwanza, waone kama atakaa.